Kuandika skripti kwa maono ya mwongozaji: maana yake nini?

Ni kazi ya kuandika filamu ambayo tayari imo kichwani mwa mtu mwingine, ila bado haijawa hadithi. Mwongozaji huja na picha isiyomtoka akilini, hali fulani ya moyo, au mahali tu anapopataka. Anatafuta mtu wa kumgeuzia hayo kuwa matukio. Wengi hudhani huu ni ukarani. Sivyo: karani angemrudishia maneno yake yaleyale, na filamu isingepatikana.

Tuseme mwongozaji anasema, "Namwona mzee ameketi peke yake kwenye chumba cha kusubiria. Nataka upweke." Picha nzuri, lakini hakuna linalotokea. Mwandishi anauliza: mzee anasubiri nini? Basi ampe karatasi yenye namba 41, ambayo iliitwa mzee akiwa amesinzia. Wenzake wote wameshahudumiwa na kuondoka, na mhudumu anaanza kufunga madirisha. Sasa kuna anachokitaka, kuna kizuizi, kuna uamuzi: ataongea au atanyamaza? Upweke haujatajwa popote, na bado ndio unaomfunga mdomo. Picha ya mwongozaji haikuguswa, ila sasa mtazamaji ana sababu ya kuendelea kutazama.

Filamu fupi haihitaji zaidi ya badiliko moja la namna hiyo. Tuzo za Oscar huhesabu filamu kuwa fupi isipozidi dakika 40, majina ya washiriki yakiwemo. Kwa mzee wetu hata 10 zingetosha. Kwa kawaida ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja, lakini mwongozaji anayependa ukimya anaweza kuutandaza ukurasa huo kwa dakika tatu. Mjue unayemwandikia kabla ya kuhesabu kurasa.

Kwenye karatasi, mwandishi humwachia mwongozaji kamera. Anaandika kichwa cha sini, yaani mstari unaotaja mahali na wakati wa tukio, NDANI. CHUMBA CHA KUSUBIRIA – JIONI, kisha kinachoonekana na kusikika, kwa wakati uliopo. Badala ya "kamera inasogea karibu", ataandika: "Kidole gumba kinasugua namba iliyoanza kufutika." Mwongozaji ataiona picha ya karibu bila kuamriwa, na akitaka kuipiga kwa mbali, hana wa kumzuia. Kwangu mimi ustadi wa kazi hii uko hapa kuliko hata kwenye mazungumzo ya wahusika. "Mzee anajisikia vibaya" si sentensi ya skripti. Hakuna awezaye kuipiga picha.

Kumuuliza mwongozaji anapenda filamu gani husaidia kidogo. Muulize ni kitu gani hatakubali kiondolewe, na mtazamaji atoke na hisia gani. Majibu hayo mawili ndiyo mipaka yako. Ndani yake bishana naye kadiri rasimu zinavyoruhusu, maana upigaji picha ukianza neno la mwisho ni lake. Asiyeweza kulimeza hilo ni heri aongoze mwenyewe.

Kabla ya rasimu ya kwanza, andikianeni: malipo, idadi ya marekebisho, nani mwenye haki za skripti, na majina yatatokeaje. Wazo likiwa lake na maandishi yako, "hadithi" na "skripti" zinaweza kutajwa kila moja kwa jina la mwenyewe.