Je, wajua kwa nini kuna dawa ya saratani isiyonyonyoa nywele?

Hapa Tabora ukitaja tiba ya saratani, wengi huwaza kichwa kilichonyonyoka nywele. Kumbe wapo wagonjwa wa saratani ya damu wanaomeza vidonge kila siku, nywele zao zipo, na shambani wanakwenda. Inakuwaje?

Kemotherapi hushambulia seli zote zinazogawanyika kwa kasi. Za saratani zimo, lakini na zile zinazootesha nywele zimo. Imatinibu, ndivyo vidonge vyenyewe, inalenga protini chache tu, na mojawapo ndiyo kiini cha ugonjwa huu, aina ya saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi.

Seli haijigawanyi hivihivi. Hungoja ishara, kama treni ya Kigoma au ya Mwanza inavyongoja kuruhusiwa kutoka stesheni ya Tabora. Kwa mgonjwa huyu ruhusa haizimiki. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, watafiti waliona kwa hadubini, ndani ya seli za wagonjwa hawa, kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akabaini kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Pale vilipoungana huzaliwa protini ya BCR-ABL, inayosukuma uboho kutengeneza chembe nyeupe bila kukoma. Bandama huvimba, na kwetu kwenye malaria nyingi ni rahisi kuisingizia malaria. Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha damu.

Protini hiyo hufanya kazi kwa kupokea ATP, molekuli ya nishati, kwenye tundu lake. Imatinibu huliziba tundu hilo. Marekani iliiidhinisha Mei 2001, na katika utafiti mkubwa wa dawa hiyo, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 walikuwa hai baada ya miaka 10.

Ila kidonge hakirekebishi kromosomu. Ndugu zangu wa Urambo na Sikonge, kupata nafuu si ruhusa ya kuruka dozi: dawa ikipungua mwilini, ishara inawaka tena. Wapo wanaoachishwa, lakini kwa uamuzi wa daktari na vipimo vya mara kwa mara.

Wakati mwingine tundu lenyewe hubadilika umbo, imatinibu ikashindwa kukaa. Badiliko sugu zaidi, T315I, lilisumbua hadi ilipoidhinishwa dawa nyingine, ponatinibu, mwaka 2012. Dawa ya asiminibu, ya mwaka 2021, haigusi tundu hilo kabisa. Hushika upande mwingine wa protini ileile.