"Sababu ya nje" kwa fishi ya mutu wa aksida, maana yake nini?

Mutu akifika irjansi na mukono umevunjika, kwa CIM-10, kile kitabu cha kode cha OMS (Shirika la Afya Duniani), ule mukono uko na kode ya kuanza na S. Mufano S52.5 ni mufupa wa radiusi umevunjika karibu na kiganja, S42.0 ni mutulinga. Ile inasema kitu gani kimevunjika, haiseme kimevunjika namna gani. Ya kusema namna gani njo wanaita sababu ya nje, na iko na kode yake ya pili, ya V, W, X ao Y, inaandikwa pamoja na ile ya kwanza, haichukue nafasi yake.

Tuchukue kinga (baiskeli) na patini (viatu vya magurudumu), juu hapo njo watu wanachanganyikiwa sana. Kijana anashuka na kinga kwa lami pale Katindo, Goma, anamugonga mutoto mwenye patini, wote wawili wanaanguka chini. Aksida ni moja lakini fishi ni mbili na kode hazifanane: wa kinga anapata V10, ni kusema mwenye kinga amegongana na mutu wa miguu ao munyama, na wa patini anapata V01, mutu wa miguu amegongana na kinga. Ndiyo, patini inahesabiwa na watu wa miguu, sawa na skeitibodi, kiti ya magurudumu, na skuta ya kusukuma na muguu. Sasa chukudu yetu, ile ya mbao ya kubeba mizigo, haina pedali, haina moteri, basi kwa ile sheria motari (mwenye kuendesha moto, ni kusema pikipiki) akigonga mwenye chukudu, fishi ya wa chukudu inaingia V02, kwa watu wa miguu, ata kama alikuwa anashuka Kibumba na magunia ya makala. Mimi naona haitoshe kabisa, juu mutu mwenye kushuka na mizigo ya kilo mia na zaidi hana hatari sawa na mwenye kutembea tu, kwa hiyo neno "chukudu" liandikwe wazi kwa fishi, kode yenyewe italificha.

Zingine zinaenda mbio: kinga na kinga V11, kinga na moto V12, na gari ndogo V13, na lori ao bisi V14, kugonga ukuta ao jiwe la volkano lenye limekaa pale V17, kuanguka peke yako bila kugongana na kitu V18. Kwa patini, kuanguka peke yako ni W02, wawili wakigongana wakaanguka ni W03. Kisha kwa kinga kunaongezwa namba moja, V12.4 ni mwenye kuendesha kwa barabara, V12.5 ni mwenye alibebwa nyuma, na kama ilikuwa ndani ya parsele ao kiwanja inakuwa .0 ao .1.

Shida kubwa ni kwamba kwa fishi nyingi kunaandikwa "AVP" (aksida ya barabarani) peke yake, basi. Mwenye kutia kode hana ruhusa ya kubuni, ata kama anaona wazi ni moto ndiyo iligonga, anabaki na V89.2, aksida ya barabarani ya chombo cha moteri, bila kusema zaidi, na mwisho wa mwaka ukitaka kujua wangapi wa kinga waligongwa na moto hauone kitu, wakati wale watu walipita pale wakiwa na damu.

Maswali ni mane tu: alikuwa juu ya nini, aligongana na nini, aliendesha ao alibebwa, ilikuwa barabarani ao pengine. Ongeza kama kidonda kimefunguka ao hapana, upande gani, na kama alikuwa na kaske, juu kaske haina nafasi ndani ya zile kode za V. Mugonjwa akiwa amezimia, uliza haraka motari mwenye amemuleta mbele hajaenda, yeye njo aliona, na andika pia kwamba habari imetoka kwake.