Umeuza likizo, lakini mwili bado unadai

Ninapokwenda kupima afya za wafanyakazi, iwe kwenye viwanda vya mbao Mafinga au mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, sianzi na presha. Nauliza kwanza: mara ya mwisho ulikwenda likizo lini? Wengi wanatabasamu kidogo, kisha wanasema, "Niliiuza." Ada ya mtoto ilikuwa imefika, au mbolea ya kupandia mahindi, na bosi akasema hakuna mtu wa kushika nafasi. Simlaumu mzazi aliyechagua ada. Ninachotaka ajue ni kwamba fedha ile ililipa ada tu, haikulipa usingizi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 12. Mwajiri ndiye anayepanga tarehe, ila hawezi kuisogeza anavyotaka: isizidi miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, au 12 ikiwa umekubali na kazi kweli imebana. Hata kuuza kuna mpaka wake. Uridhie mwenyewe, ulipwe mshahara wa mwezi mmoja, na usipitishe miaka 2 mfululizo bila kupumzika. Vibarua nao wasikie hili, kwa sababu wengi huambiwa likizo haiwahusu: ukiitwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja, na jumla ya muda uliomfanyia kazi ikapita miezi 6 ndani ya mwaka, unastahili.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Sasa mfikirie mlinzi wa duka pale Mwanjelwa, zamu ya saa 12, siku 7. Hizo ni saa 84, wakati kiwango cha kawaida cha sheria ni saa 45, na saa za ziada hazitakiwi kuvuka 50 katika wiki 4. Ninapokutana na mlinzi wa namna hii mwenye presha ya juu, dawa naandika, lakini moyoni najua nusu ya ugonjwa iko kwenye ratiba yake.

Je, kama likizo haipo kabisa mwaka huu? Shikilia mapumziko madogo, maana hayo nayo ni haki yako: saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila wiki. Huku kwetu siku hiyo moja huishia shambani. Jembe halina ubaya, lakini usilime tangu alfajiri hadi jioni ukadhani umepumzika. Lima asubuhi, mchana ulale. Anayelinda usiku aweke pazia zito dirishani, simu aizime, na watu wa nyumbani wajue kwamba baba aliyelala saa 4 asubuhi si mvivu.

Kuhusu kahawa: tunaisifu ya Mbozi, na inastahili. Lakini kwa watu wengi, kikombe cha saa 12 jioni bado kina karibu nusu ya nguvu yake mwilini ifikapo saa 5 usiku. Madereva wa malori ya Tunduma nawaomba kwa dhati. Mtu aliyekaa macho saa 17 huchelewa kuitikia karibu sawa na aliyekunywa pombe hadi ikafika asilimia 0.05 kwenye damu. Kahawa haiondoi deni hilo la usingizi, wala vinywaji vya kuongeza nguvu. Kabla ya kuushuka Kitonga au Mlima Nyoka ukiwa na kope nzito, egesha mahali salama, lala dakika 20.

Kuna uchovu ambao usingizi wa Jumapili hauuondoi. Unaamka umechoka, unaichukia kazi uliyokuwa ukiipenda, na unahisi hata ukijitahidi huwezi tena. Nyumbani unafoka kwa jambo dogo. Ukifika hapo, nenda kituo cha afya ueleze hivyohivyo, usiseme tu "kichwa kinauma". Ukihisi maumivu ya kifua, au mkono mmoja umelegea, au ulimi umekuwa mzito ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri zamu iishe.

Likizo iombe kwa maandishi, nakala yenye tarehe ibaki kwako. Mwajiri akiendelea kukataa, zungumza na chama cha wafanyakazi kama kipo, au nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Mbeya na Iringa. Mgogoro wa namna hii hufunguliwa ndani ya siku 60. Nenda na mkataba, hati za mshahara na ile nakala ya ombi.