Kijani ni rangi tu, jamani

"Fundi, usijali, nimeshanunua mbao. Zote za kijani, zimetiwa dawa." Nimeambiwa hivyo tena, na mwenye nyumba wa mtaa wa Utawala, Nairobi, na safari hii sinyamazi. Mtu yeyote mwenye ndoo na brashi anaweza kukupa kijani.

Dawa ya kweli, ile CCA ya shaba, kromiamu na aseniki, huingizwa kwa shinikizo. Mbao zikaushwe kwanza, maana zikijaa maji hazina pa kuipokea. Zinafungiwa kwenye tangi la chuma, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa ndani. Shaba huzuia kuvu, aseniki huua mchwa na wadudu wengine, kromiamu huvishikilia vyote visioshwe na mvua. Ya kuchovya kwenye pipa huishia juujuu. Pitisha randa, dawa yako yote iko kwenye maranda.

Kwa hiyo ukifika yadi ya mbao, soko la Gikomba au kwingineko, achana na ubavu wa mbao. Omba ikatwe, tena si nchani, kwa sababu dawa hupenya ncha kirahisi na ncha itakudanganya. Kata futi mbili kutoka mwisho. Rangi iwe imezama kwenye ile sehemu nyeupe ya nje. Muuzaji akigoma, mlipe hicho kipande. Ni nafuu kuliko paa.

Sasa kuna hawa wengine, waliojifunza kukata, wakikuta katikati hakuna rangi wanapiga kelele kwamba wameibiwa. Hapana! Moyo wa mti haunywi dawa vizuri hata ukiusukuma vipi. Paini ina weupe mpana, hivyo hunywa sana, na afadhali, maana bila dawa ni chakula cha mchwa. Saipresi ni mkaidi zaidi, lakini moyo wake hujikinga wenyewe kwa kiasi. Mbao ya inchi nne kwa mbili ya saipresi iliyojaa moyo inaweza kuonekana kama haijaguswa na bado nikaichukua. Na niseme ukweli: jicho huniambia dawa imefika wapi, haliniambii ni kiasi gani kimebaki humo. Hilo ni la maabara, na sijaona mteja wa vyumba vitatu akilipia maabara.

Nguvu ni habari nyingine. Dawa haiongezi hata chembe. Fundo kubwa ukingoni, nyuzi zinazokwenda mshazari, kona yenye gome: hiyo si ya kenchi, ile fremu inayobeba paa. Ipeleke kwenye fomu, lile sanduku la kumwagia zege.

Pesa ikiwa kidogo, dawa ianzie kwenye fasha bodi, ile mbao ya ukingo wa paa inayopigwa na mvua, na mbao inayolala juu ya ukuta. Kenchi iliyo kavu chini ya mabati yasiyovuja haiozi, kuvu huhitaji unyevu wa kama asilimia 20 na zaidi. Je, inahitaji dawa kweli? Nusu ya wakati nadhani hapana, kisha nakumbuka mchwa wa udongo mwekundu, naweka. Na kila unapokata mjengoni, paka dawa ya brashi kwenye jeraha.

Vile vipande vinavyobaki, vijana wa mjengo, msichomee nyama. Aseniki iko kwenye moshi na kwenye majivu. Vipelekwe na taka, si chini ya sufuria ya githeri.