Grafu ya kipeo na grafu ya logi yake hukutana wapi?

Makutano ya kipeo y = aˣ na logi yake y = logₐx ni nukta ambayo x na y zake zinatimiza kanuni zote mbili kwa pamoja. Idadi yake inategemea besi a: inaweza kuwa sifuri, moja, mbili au hata tatu.

Logi hutengua kazi ya kipeo. 2³ = 8, na logi ya 8 kwa besi 2 ni 3. Hivyo nukta (3, 8) ya kipeo ina pacha wake (8, 3) kwenye logi. Chora zote mbili kwa skeli moja kwenye mihimili yote miwili, kisha kunja karatasi juu ya mstari y = x: zinalaliana. Ukisimama ukingoni mwa Ziwa Duluti, Arusha, utaona mti na taswira yake vikigusana pale tu shina linapoingia majini. Maji yetu ni mstari y = x.

Besi ikizidi 1, makutano hayawezi kuwa nje ya mstari huo. Tuseme nukta (p, q) iko kwenye grafu zote mbili, na p ni ndogo kuliko q. Basi aᵖ = q na aᑫ = p; lakini kipeo kinapanda, kwa hiyo q ingekuwa ndogo kuliko p. Haiwezekani. Inabaki kutatua aˣ = x, yaani ln a = (ln x)/x, ambapo ln ni logi kwa besi e. Upande wa kulia haupiti 1/e, nao hufika hapo x ikiwa e, takriban 2.718. Kwa hiyo besi ya mpaka ni takriban 1.4447: hapo grafu zinagusana mara moja tu. Besi ikizidi hiyo, hakuna makutano. Ndiyo maana kwa besi 2, inayopendwa sana madarasani, kulazimisha mistari ikutane ni kosa: 2ˣ haishuki chini ya x + 0.91.

Kati ya 1 na 1.4447 makutano ni mawili. Besi √2 hutoa x = 2 na x = 4 kamili. Besi 1.2 hutoa 1.258 na 14.77, na hapa wengi hupoteza alama: wanachora hadi x = 5 na kuandika jibu moja. Kwenye kikokotoo, anza na x = 1 kisha rudia 1.2ˣ, kila jibu likiwa x mpya; utafika 1.258. La pili halipatikani kwa njia hiyo. Anza na 10, rudia log x ÷ log 1.2.

Besi ikiwa kati ya 0 na 1, kipeo kinashuka na hoja ya juu haifanyi kazi tena. Kwa kawaida makutano ni moja, kwenye mstari y = x. Ila chini ya takriban 0.066 yanakuwa matatu. Jaribu 1/16: (½, ¼) na (¼, ½) ziko nje ya mstari, na ya tatu iko kwenye mstari wenyewe, x karibu 0.364. Ukianza kurudia (1/16)ˣ na 0.5, kikokotoo kitatoa 0.25, kisha 0.5, kisha 0.25, bila kutulia. Hakijaharibika, kinaruka kati ya mapacha wale wawili.