Aliyoyaishi na Aliyoyatunga: Dhana Potofu Kuhusu Mtunzi wa Tamthilia na Maisha Yake

Hakuna swali ambalo watunzi wa tamthilia huulizwa mara nyingi kama hili: je, haya yalikupata wewe mwenyewe? Swali hilo halina ubaya, kwa kuwa hutoka kwa mtu aliyeguswa, lakini nyuma yake hujificha dhana ambazo zimewapotosha wasomaji, wanafunzi wa fasihi, na hata watunzi chipukizi wanaokata tamaa wakidhani kwamba maisha yao hayana jambo la kupandishwa jukwaani.

Dhana: Mtunzi anaweza kuandika yale tu yaliyompata.

Ebrahim Hussein alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini ya Tanganyika. Vita vya Majimaji vilipiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, kwa hiyo hakusikia mlio hata mmoja wa bunduki za Wajerumani. Hata hivyo, tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, ndiyo iliyowafanya wasomaji wengi wa Kiswahili waione vita hiyo kwa macho ya moyo. Mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, si picha ya Kinjeketile halisi, kiongozi wa vita hiyo aliyewaahidi watu kwamba maji yake ya dawa yangewakinga na risasi, na aliyenyongwa mwaka 1905. Alichokuwa nacho ni tajriba ya aina nyingine: alikulia katika nchi ambayo wazee wake walikuwa bado wanayakumbuka maumivu hayo, akakomaa katika taifa changa lililokuwa likijiuliza ni kitu gani kinachoweza kuwaunganisha watu wa makabila mengi, na neno la kiongozi lina nguvu gani likishatoka kinywani. Katika onyesho la mwisho Kinjeketile anakataa kukana nguvu ya maji, kwa kuhofu kwamba watoto wataambiwa kuwa baba zao walikosea kupigana, na hapo tunasikia fikra za miaka ya 1960 zikizungumza ndani ya kinywa cha mtu wa mwaka 1905. Vivyo hivyo, Kwenye Ukingo wa Thim ya mwaka 1988 ilichota kutoka kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno wa Nairobi, ambapo mjane na ukoo wa marehemu waligombania mahali pa kumzika, na ambayo ilifuatiliwa na watu wengi magazetini. Aliyosimuliwa mtunzi, aliyoyasoma na yaliyomkosesha usingizi ni sehemu ya maisha yake pia.

Dhana: Tamthilia inayotokana na maisha ya mtunzi ni wasifu wake, uliogawiwa wahusika wausome.

Anayetolewa mara nyingi kuwa ushahidi wa dhana hii ni Eugene O'Neill wa Marekani, kwa sababu tamthilia yake Long Day's Journey into Night inaihusu familia yake waziwazi: baba mwigizaji anayeuogopa umaskini, mama aliyetawaliwa na mofini, dawa ya maumivu inayolevya, tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, kaka mlevi, na kijana mwenye kifua kikuu, wote wakiwa chini ya paa moja mwaka 1912. Lakini ukichunguza kwa makini utaona jinsi alivyokata na kushona. Kufikia mwaka huo O'Neill alikuwa amekwisha kuoa na kupata mtoto wa kiume. Mke na mtoto hawamo kabisa. Machungu ya miaka mingi yamebanwa katika siku moja, kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane, maana jukwaa halina subira ya maisha.

Zaidi ya hayo yote kuna suala la majina. Katika maisha halisi, mtoto aliyefariki akiwa mdogo aliitwa Edmund, na aliyezaliwa baada yake akaishi ni Eugene. Katika tamthilia, marehemu ndiye Eugene, na aliye hai ndiye Edmund. Sijaona mfano mzito kuliko huu wa namna ufundi unavyoyashika maisha: mtunzi amejizika kwa jina lake mwenyewe na kumpa uhai kaka ambaye hakuwahi kumwona, na kwa hatua hiyo amepata umbali wa kumtazama kijana yule kama mhusika, badala ya kumtetea kama nafsi yake.

Umbali huo ulihitaji muda pia. Baba yake alifariki mwaka 1920, mama mwaka 1922, kaka mwaka 1923. Tamthilia iliandikwa kati ya mwaka 1939 na 1941. Wanaowahimiza vijana waandike kidonda kikiwa kibichi wangetafakari miaka hiyo.

Dhana: Mtunzi akiyabadilisha yaliyotokea, amesema uongo.

Lorraine Hansberry, mtunzi Mmarekani mweusi, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa majumba wa Chicago aliyenunua nyumba katika mtaa wa Wazungu mwaka 1937, na kesi ya nyumba hiyo ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyotoa uamuzi mwaka 1940. Katika A Raisin in the Sun, iliyooneshwa Broadway mwaka 1959, familia inayotaka kuhamia mtaa wa Wazungu ni ya wafanyakazi maskini wanaobanana katika nyumba ndogo. Uadui aliokutana nao utotoni umebaki vilevile. Kilichobadilika ni gharama ya kuukabili.

Dhana: Tajriba ni mali ya mtunzi peke yake.

Hapa ndipo kijiji cha Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, kinapotufundisha mengi. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliwapelekea wanakijiji mswada wa tamthilia yao ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda), wakiwa wasomi wenye jina. Wanakijiji hawakuupokea kimya. Wazee walisahihisha lugha, kwa kuwa mzee hasemi kama kijana. Wafanyakazi wa viwandani na mashambani walieleza wenyewe jinsi jasho lao linavyogeuzwa faida ya mtu mwingine. Mazoezi yalifanyika hadharani, na yeyote aliyepita aliweza kukosoa. Mkulima Kĩgũũnda, anayenyang'anywa ekari moja na nusu aliyo na hati yake ukutani, alikuwa mtu wanayemfahamu kwa sababu walikuwa wakiishi kama yeye.

Onyesho lilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kibali kiliondolewa tarehe 16 Novemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa mwisho wa mwaka na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 ukumbi ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao ukabomolewa. Mswada ulichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1980, ukiwa umepita mikononi na vinywani mwa watu ambao baadhi yao walijifunza kusoma wakiwa watu wazima, katika kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji hichohicho.