Dominika ya mtoto mgonjwa

Tangu niwe katekista, swali ninaloulizwa zaidi halihusu Utatu Mtakatifu wala toharani. Ni la mama aliyekesha na mtoto mwenye homa, Dominika, yaani Jumapili, ikampita bila Misa, na sasa anaogopa kupokea Komunyo kabla hajaungama. "Mwalimu, nina jambo," huanza hivyo, tena kwa kunong'ona kana kwamba ameiba.

Jibu limo katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho rasmi ya Kanisa, namba 2181. Anayekosa Misa ya Dominika kwa makusudi anatenda dhambi kubwa. Lakini aya hiyohiyo inawatoa wenye sababu nzito, na mifano inayoitaja ni ugonjwa na kutunza watoto wachanga. Hapo si suala la kusamehewa: dhambi yenyewe haikuwepo.

Naona shida inatoka mbali. Tumezoea kuupima uchaji kwa kipimo cha monasteri, halafu tunashangaa nyumba zetu hazifikii. Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, aliligusa hili mwaka 1609. Aliuliza: je, inafaa askofu aishi upwekeni kama mmonaki Mkartusi, mwenye ndoa akatae kuweka akiba kama mtawa Mkapuchini aliyeweka nadhiri ya ufukara, fundi ashinde kanisani kama mtawa? Uchaji wa namna hiyo aliuona kichekesho. Kwake, ibada inayokufanya uutelekeze wito wako ni ya uongo, hata ingekuwa ndefu kiasi gani.

Kwa hiyo usiku ule, mkono mmoja ukikanda paji la uso la mtoto kwa kitambaa chenye maji, rozari nzima huenda ikakushinda. Salamu Maria moja haikushindi. Ukisinzia katikati yake, kumbuka Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ambaye leo ni Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake Kanisa zima linayaheshimu: alikuwa akisinzia kwenye sala, tena akiwa mtawa. Alijifariji kwamba watoto wanapendwa na wazazi wao wakiwa usingizini sawa na wakiwa macho.

Wapo pia wanaoifanya ruhusa hii kichaka cha kujifichia. Mtoto ametimiza miaka 12, anacheza mpira kutwa, lakini saa ya Misa ikifika anageuka mtoto mchanga. Hao nao huniuliza swali lilelile, ila wao hawanong'oni.